Kabla ya Kusoma Cheti, Hesabu Watoto

Tarehe 26 Mei 2009, kituo cha kulelea watoto cha ABC katika mji wa Hermosillo, kaskazini mwa Mexico, kilikaguliwa usalama wake na kikafaulu. Siku kumi baadaye, alasiri ya tarehe 5 Juni, watoto wakiwa wamelazwa usingizi wa mchana, moto ulizuka katika ghala la jirani lililokuwa likitumiwa na serikali ya jimbo, ukapenya hadi kwenye dari ya kituo. Watoto 49 walipoteza maisha. Jengo la kituo nalo lilikuwa ghala lililogeuzwa matumizi: madirisha yalikuwa juu mno, na mlango wa dharura haukufunguka. Ilibidi ukuta ubomolewe kwa gari ili watoto watolewe.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2011, Mexico ilipata sheria mpya ya vituo vya watoto, ambayo wengi huiita kwa tarehe ya moto ule, Juni 5. Lakini swali ambalo mkasa wa Hermosillo uliwaachia wakaguzi wa nchi zote linahusu zaidi namna ya kukagua kuliko sheria yenyewe. Kwenye fomu, mlango wa dharura ni kisanduku cha kutia alama ya vema: upo, au haupo. Fomu haiulizi ufunguo anao nani, wala kama mlezi mwenye mtoto mgongoni anaweza kuufungua kwa mkono mmoja.

Mkaguzi mzoefu huyauliza hayo. Humwomba mlezi, na si mwenye kituo, aufungue mlango hapo hapo. Ikiwa ufunguo anao mlinzi, na mlinzi ametoka kwenda kula, ukaguzi wa mlango umekwisha na kituo kimeanguka, hata kama ukutani pamebandikwa mshale wa kijani unaoelekeza njia ya kutokea. Kisha huulizia zoezi la kutoka nje wakati wa moto: lilifanyika lini mara ya mwisho, saa ngapi, na nani aliwabeba wasiojua kutembea? Zoezi linalofanywa saa nne asubuhi, watoto wakiwa macho na viatu miguuni, halisemi chochote kuhusu saa nane mchana, wanapokuwa wamelala kwenye mikeka.

Baada ya mlango huja futi ya kupimia. Huko England, ambako shirika la Ofsted lilikabidhiwa usimamizi wa vituo vya watoto mwaka 2001, kila mtoto wa chini ya miaka miwili anatakiwa kuwa na meta za mraba 3.5 za sakafu ya ndani. Wa miaka miwili, 2.5, wa miaka mitatu hadi mitano, 2.3. Australia kipimo ni kimoja, meta za mraba 3.25 ndani, na nyingine 7 za uwanja wa nje. Chukua chumba cha meta tano kwa sita, yaani meta za mraba 30. Kwa kanuni za England kitatosha watoto wanane wachanga, au 13 wa miaka mitatu na kuendelea. Kwa kanuni za Australia kitatosha tisa. Korido, choo, jiko na stoo havihesabiwi.

Nafasi ya sakafu ina kazi zaidi ya kuzuia msongamano. Watoto waliobanana hung'atana na kusukumana, na mafua ya mmoja huwa ya wote kabla ya Ijumaa. Mlezi naye hutumia siku nzima kuamua ugomvi badala ya kucheza nao.

Hata hivyo, kipimo kinachodanganya kwa urahisi kuliko vyote ni idadi ya watoto kwa kila mlezi. England inataka mlezi mmoja kwa watoto watatu wa chini ya miaka miwili. Australia, mmoja kwa wanne. Sababu mojawapo haihitaji utafiti. Mtu mzima ana mikono miwili, na moto unapowaka atatoka na wachanga wawili, pengine watatu akijitahidi sana. Kwa watoto wa miaka miwili, England ilikuwa ikidai mlezi mmoja kwa wanne hadi Septemba 2023, ilipolegeza ikawa mmoja kwa watano, kama ilivyokuwa tayari Scotland. Wenye vituo na wazazi walibishana vikali kuhusu mtoto huyo mmoja wa ziada. Tanzania, kiwango cha darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na yapo madarasa ya shule za serikali ambayo yamekuwa na zaidi ya mia.

Udanganyifu wenyewe huwa hauna hila kubwa. Mpishi anahesabiwa kuwa mlezi. Mwenye kituo, anayeshinda mjini kutafuta mahitaji, anahesabiwa naye. Au hesabu inafanywa ya kituo kizima, walezi sita kwa watoto 48, na inapendeza, mpaka mkaguzi aingie chumba kimoja kimoja akute mlezi mmoja na watoto 19 huku wenzake watatu wakinywa chai. Ndiyo maana wakaguzi makini hupenda kufika saa zenye upungufu: alfajiri, wazazi wanapowashusha watoto kabla ya walezi kutimia, mchana wa usingizi, na jioni, foleni inapowachelewesha wazazi na nusu ya walezi wameshaondoka. Huhesabu vichwa kwanza, kisha hufungua rejista ya mahudhurio. Rejista ikiwa na majina 24 na sakafuni wapo 27, tatizo limekwishajulikana: moto ukitokea, watatu hao hakuna atakayejua kuwa hawajatoka.

Kuhesabu vichwa ndiko kulikokosekana pia Makinohara, katika mkoa wa Shizuoka nchini Japani, Septemba 2022. Msichana wa miaka mitatu alisahaulika ndani ya basi la chekechea kwa takriban saa tano kwenye joto kali, akafa. Kuanzia Aprili 2023 Japani iliamuru mabasi ya watoto wadogo yafungwe vifaa vya usalama. Aina mojawapo hupiga kelele injini inapozimwa, na haikomi mpaka dereva atembee hadi nyuma ya basi kubonyeza kitufe. Akienda huko, lazima apite kila kiti. Australia nayo, baada ya vifo vya namna hiyo, mwaka 2023 iliongeza kanuni za kukagua gari safari inapoisha. Kwa mkaguzi wa Dar es Salaam au Mombasa, fundisho hilo halihitaji mtambo wa bei kubwa. Hiace yenye vioo vya giza na watoto 20 inahitaji orodha ya majina, mtu wa pili asiye dereva, na sheria kwamba mtu huyo ndiye wa mwisho kushuka baada ya kupita viti vyote kwa macho na kwa mkono.

Chakula kina kanuni zake. Tangu Septemba 2025, vituo vya England vinatakiwa mlezi awe anawaona na kuwasikia watoto muda wote wanapokula, kwa kuwa mtoto aliyekabwa hasa hatoi sauti. Anabadilika rangi kimya kimya. Lazima pia awepo, saa zote, angalau mtu mmoja mwenye cheti hai cha huduma ya kwanza kwa watoto, na cheti hicho huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Mkaguzi wa Afrika Mashariki anayetazama kikapu cha vitafunwa atazitafuta karanga nzima, zabibu zisizopasuliwa kwa urefu na peremende ngumu. Sanduku la huduma ya kwanza lililofungwa kwa kufuli atalihesabu kuwa halipo.

Kwenye usafi, jicho lake hutua kwenye sabuni. Kibuyu chirizi kilichopakwa rangi nzuri, chenye kipande cha sabuni kilichokauka hadi kupasuka, kinamwambia kwamba kilitundikwa kwa ajili ya mgeni. Huangalia pia nepi zinabadilishiwa wapi na uji unapakuliwa wapi, na kama anayechambisha ndiye huyo huyo anayepakua.

Mpaka hapa mkaguzi amepima vitu vinavyohesabika. Watafiti wa malezi wanajua kuwa kituo kinaweza kufaulu yote hayo na bado mtoto akashinda siku nzima bila mtu kuzungumza naye. Mwaka 1980, Thelma Harms na Richard Clifford wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walitoa kipimo kinachojulikana kwa kifupi cha ECERS, ambacho mtazamaji hukaa chumbani kwa saa kadhaa na kutoa alama kuanzia 1 hadi 7: vifaa vya kuchezea vinafikiwa na mtoto au viko juu ya kabati, mlezi anajibu vipi mtoto akilia, maswali yanaulizwa na nani. Mwaka 2017, UNESCO, UNICEF, Benki ya Dunia na taasisi ya Brookings walichapisha zana za MELQO, zilizotengenezwa hasa kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zikipima kwa pamoja mazingira ya darasa na maendeleo ya mtoto.

Mtu yeyote anaweza kuazima macho hayo. Midoli iliyo bado kwenye nailoni yake, imepangwa kwenye rafu ambayo mtoto haifikii, ni mapambo. Chumba cha watoto wa miaka mitatu kilicho kimya kabisa saa tano asubuhi hakistahili sifa ya nidhamu kabla ya kuulizwa kimenyamazishwa kwa njia gani.

Nani basi mwenye dhamana ya kuuliza? Tanzania Bara, vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mhusika mkuu wa kuvifuatilia katika halmashauri ni afisa ustawi wa jamii. Afisa afya ana sauti yake kuhusu vyoo na jiko, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kuhusu moto. Darasa la awali lililo ndani ya shule ya msingi halimo humo. Hilo ni la Wizara ya Elimu na wathibiti ubora wake. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto, ya mwaka 2011. Matokeo yake, kiwanja kimoja chenye kituo cha kulelea watoto upande huu na darasa la awali upande ule kinaweza kuwa na mabwana wawili, na ua uliobomoka katikati yao kila mmoja akadhani ni wa mwenzake. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilikusudia pamoja na mengine kuziunganisha sekta hizi.

Kenya ilichukua njia nyingine. Katiba ya 2010 ilikabidhi elimu ya chekechea na vituo vya malezi kwa serikali za kaunti, na Nairobi ikatunga sheria yake ya vituo vya malezi ya watoto mwaka 2017. Huko ndiko ugumu halisi wa viwango unakoonekana. Katika mitaa kama Mukuru na Mathare, kinamama wengi wafanyakazi humwachia mtoto jirani anayelea watoto katika chumba kimoja cha mabati kwa malipo ya kila siku. Futi ya kupimia ikipelekwa huko na kusomwa kama ilivyo, karibu vyumba vyote vitafungwa asubuhi moja. Jioni yake watoto wale wale watakuwa wamefungiwa ndani peke yao, au wako kwenye chumba kilichojificha zaidi, ambacho hakuna mkaguzi atakayekijua.

Shirika la Kidogo, lililoanzia Nairobi, limekuwa likifanya kazi na walezi wa aina hiyo kwa kuwafunza na kuwaboreshea vyumba hatua kwa hatua badala ya kuwafukuza. Hata nchi tajiri zina nafasi ya namna hiyo katika kanuni zao. Australia, chini ya mfumo ulioanza mwaka 2012, hupima kila kituo katika maeneo saba, na kituo kisichofika kiwango kinaweza kupewa daraja la kuwa bado kinaelekea huko, kikaendelea kupokea watoto huku kikirekebisha. Liko daraja lingine, la chini kabisa, kwa kituo chenye hatari kubwa kwa afya au usalama wa mtoto, na hapo serikali huingilia kati mara moja.

Mpangilio huo unafaa kuigwa. Yapo mambo ambayo hayapewi muda: mlango unaofunguka, maji na sabuni, jiko la mkaa nje ya chumba cha kulala, idadi ambayo mlezi anaweza kuitoa nje, na mtu mzima anayejulikana historia yake. Ukubwa wa uwanja, bembea na cheti cha walezi vinaweza kuwekewa tarehe, mradi tarehe hiyo iandikwe na mkaguzi arudi siku hiyo.

Tofauti nyingine iko kwenye ripoti. Ripoti za Ofsted huchapishwa, na mzazi wa England anaweza kuisoma ya kituo chochote kabla ya kumwandikisha mwanawe. Kwetu, mzazi kwa kawaida huonyeshwa cheti cha usajili kilichowekwa kwenye fremu ofisini. Hakuna kinachomzuia kuomba zaidi: kuonyeshwa barua ya ukaguzi wa mwisho na yaliyoagizwa kurekebishwa, kuingia chumba cha mtoto bila kutoa taarifa, kuona rejista ya siku hiyo, na kufunguliwa mlango wa nyuma. Akikuta hatari, mlango wa kwanza ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake, au ya watoto kwa aliye Kenya. Penye shaka ya ukatili dhidi ya mtoto, namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116 katika nchi zote mbili, na kupiga ni bure.