Jongoo wa Mchangani na Faida ya Kungoja

Maji yanapokupwa, mgeni wa pwani huuona mchanga kuwa mahali patupu. Mvuvi anajua kwamba sivyo. Chini ya mchanga huo wamo kombe na kaa. Taa hujifukia humo akabakiza macho. Na katika majani ya bahari hukulia watoto wa samaki ambao baadaye huvuliwa mwambani. Miongoni mwa viumbe hao yumo mmoja ambaye wenyeji wengi hawamli, ingawa bei yake sokoni ni kubwa. Huyo ni jongoo bahari wa mchangani.

Jongoo huyu hana macho wala uti wa mgongo. Sehemu ya siku hujizika, na akitoka hula mchanga wenyewe. Tumboni huchuja mabaki ya mimea na vijidudu, kisha huutoa mchanga ukiwa umesafishwa. Kazi yake yafanana na ya nyungunyungu shambani: huugeuza udongo wa bahari.

Uzazi wake wataka kueleweka vyema. Jike na dume hutoa mbegu zao majini, nazo hukutana huko. Jike mmoja aweza kutoa mayai milioni na zaidi, lakini ikiwa dume yuko mbali, mayai hayo huchukuliwa na maji bure. Yanayorutubishwa huwa watoto wanaoelea kwa muda wa majuma mawili hivi kabla ya kushika kwenye majani ya bahari. Kwa sababu hiyo, si lazima avuliwe jongoo wa mwisho ndipo mali iishe. Wachache wakibaki wametawanyika, hawazai.

Jongoo huuzwa hasa China na Hong Kong, baada ya kupasuliwa, kuchemshwa, kusuguliwa na kukaushwa. Kilo 20 za jongoo wabichi hutoa kama kilo 1 tu ya wakavu. Aidha, kilo ya jongoo wakubwa huuzwa kwa bei ya juu kuliko kilo ya wadogo.

Hebu tazama hesabu hii. Mwanachama anaokota jongoo 40, kila mmoja gramu 100. Jumla ni kilo 4 mbichi, yaani gramu 200 kavu. Kama wangeachwa hadi kila mmoja afikie gramu 400, hata wakifa 10 kati yao, wangebaki 30 wenye kilo 12 mbichi, yaani gramu 600 kavu. Uzito umekuwa mara tatu, bei ya kila kilo imepanda, na kabla ya kuvuliwa wamepata nafasi ya kuzaa.

Kwa nini basi wadogo huokotwa? Si kwa ujinga. Mvuvi anayemwacha mdogo leo anajua kwamba jirani atamchukua kesho. Subira ya mtu mmoja haimfai kitu. Subira ya wote ndiyo yenye faida, na hiyo ndiyo kazi ya ushirika.

Hasara ya kutongoja imekwisha kuonekana. Mwaka 2003 Tanzania Bara ilisimamisha uvunaji wa jongoo bahari baada ya kupungua sana. Kwa upande mwingine, mwaka 1988 wataalamu wa Tuticorin, India, walifaulu kuzalisha jongoo wa mchangani kwa kutumia matangi. Baadaye, kusini-magharibi mwa Madagaska, wanavijiji walianza kufuga watoto wa jongoo katika mazizi ya nyavu baharini. Hata hivyo, zizi lahitaji fedha, ulinzi wa usiku na watoto wa kununua. Si badala rahisi ya bahari iliyotunzwa.

Pale sheria inaporuhusu uvunaji, vyama vinashauriwa hivi:

(a) Mkutano mkuu uweke kipimo cha chini, na mpokeaji wa chama akatae walio chini yake, awe ameleta mwanachama wa kawaida au mjumbe wa kamati.

(b) Sehemu moja ya mchanga ifungwe kabisa, ili wakubwa wabaki karibu karibu na kuzaa.

(c) Malipo yawe kwa uzito na daraja, si kwa idadi.

(d) Daftari la mapokezi lionyeshe kila mwezi idadi na uzito.

Daftari hilo lisomwe mbele ya wanachama. Uzito wa jongoo mmoja ukishuka mwezi baada ya mwezi, kamati isingoje mnunuzi aache kuja ndipo ichukue hatua.