Hadisi za mapendo za Kikristo: juu ya nini wasomaji hawaziachi?

Kitabu cha namna hii hakikai fasi moja. Musichana anakisoma usiku kwa mwangaza wa simu, kesho yake rafiki anakiomba, kiisha mama wa kwaya naye anakiulizia. Mwisho kinarudi na kurasa zimeachana. Ni hadisi ya mapendo, lakini ndani yake watu wanaomba Mungu, na busu ya kwanza inachelewa sana.

Wazazi na viongozi wengine wa makanisa wanaona ni kupoteza wakati, ao ni mulango wa zambi. Wasomaji wanajibu kwamba ni pumziko tu, sawa kusikiliza muziki. Nani yuko na haki? Kwanza tuangalie hivi vitabu vinabeba nini.

Ni vitabu gani?

Tunazungumzia vitabu vya hadisi, vile ambavyo kwa Kifaransa wengi wanaita roman. Sheria zake zinajulikana: hakuna matusi, mambo ya chumbani hayaonyeshwe wazi, na mwisho ni wa furaha. Tofauti kubwa na hadisi zingine za mapendo ni kwamba ndani yake kuko watu watatu: mwanamuke, mwanaume na Mungu. Wale wawili hawawezi kupatana vizuri kama kila mumoja hajapatana kwanza na Mungu.

Namna hii ya kuandika ilipata nguvu zaidi Amerika ya Kaskazini. Mwandikaji wa Marekani Grace Livingston Hill, aliyefariki mwaka wa 1947, aliacha vitabu zaidi ya 100. Kiisha, mwaka wa 1979, mama Mukanada Janette Oke alitoa Love Comes Softly, ni kusema mapendo yanakuja polepole. Kitabu hicho kilifungua njia kwa wengine wengi, na mwaka wa 2003 kikatengenezwa filamu.

Hadisi yake haiko mbali na maisha ya huku. Marty, mwanamuke kijana mwenye mimba, anafiwa na bwana yake katikati ya safari. Hana nyumba, hana ndugu karibu, na wakati wa baridi kali unafika. Siku ile ile ya maziko, Clark, mwanaume aliyefiwa na bibi, anamuomba waoane ili mutoto wake mudogo apate mama. Lakini anamuahidi jambo moja: atamuheshimu, na kama baridi ikiisha anataka kurudi kwao, atamulipia safari. Mujane yeyote ambaye familia ya bwana ilimuamulia nani atamuchukua anaelewa uzito wa ahadi hiyo.

Hosea katika machimbo ya zahabu

Kitabu kingine kinachojulikana sana ni Redeeming Love cha Francine Rivers, wa Marekani, kilichotoka mwaka wa 1991. Rivers alikuwa anaandika hadisi za mapendo za kawaida mbele ya kuokoka. Hapa alichukua habari ya nabii Hosea na bibi yake Gomeri, akaipeleka California ya mwaka wa 1850, wakati watu walikuwa wanakimbilia zahabu.

Angel aliuzwa angali mutoto, na sasa wanaume wanamulipa katika muji wa wachimbaji. Mulimaji Michael Hosea anamuoa. Angel anakimbia, Michael anamurudisha, anakimbia tena. Mara ya mwisho Michael hamufuati. Angel anakaa miaka mbali, kiisha anarudi mwenyewe, kwa mapenzi yake.

Katika majimbo ambamo kuko machimbo ya zahabu, na ambamo wanamuke wengi waliotendewa kwa nguvu walifukuzwa na mabwana zao, hadisi hii si ya mbali. Inaonyesha mwanaume asiyehesabu bibi kuwa kitu kilichoharibika. Musomaji anaweza kulia na kufurahi kwa wakati mumoja, na hiyo ndiyo sehemu ya utamu wake.

Hatari iko wapi?

Iko, lakini si kila mara fasi ambapo watu wanaitafuta. Katika Redeeming Love, Michael anasikia Mungu akimuambia kwamba Angel ndiye bibi yake. Katika kitabu, mwandikaji anajua kama ni kweli. Katika maisha, mwanaume anaweza kumuambia musichana wa chorale kwamba alionyeshwa katika ndoto, na musichana akaogopa kukataa, sawa vile angekataa Mungu. Lakini maono ya mutu mumoja hayaondoe haki ya mwingine ya kusema hapana.

Hatari ya pili ni kufikiri kwamba uvumilivu unageuza kila mutu. Kuna mwanamuke anayepigwa nyumbani na kungojea sura ya mwisho, ile ya furaha. Lakini katika hadisi hizi, mwanaume anayependwa si yule anayepiga. Clark anaahidi njia ya kurudi, naye Michael mwishoni anaacha mulango wazi. Asiyeachia mwanamuke uhuru hafanani nao.

Na mapendo ya kwetu?

Vitabu hivi havizungumzie sana mahari, wakwe ao kabila. Kwa hiyo wengi Afrika walipenda J'ai aimé une fille, kitabu kidogo cha Walter Trobisch, mumisionere Mujerumani aliyefanya kazi Cameroun, kilichotoka mwaka wa 1962. Si roman, ni barua kati ya pasta na kijana François. Humo baba ya Cécile anaomba mahari ambayo François hana. Kijana wa Bukavu ao wa Butembo hahitaji kuelezwa shida hiyo.

Basi, kusoma kwa kujifurahisha si kosa. Mutu aliyeshinda sokoni ao shambani anastahili saa moja ya hadisi ambayo anajua itaisha vizuri, na Kifaransa chake kinaongezeka bila kulipa mwalimu. Muzazi anayeona kitabu chini ya mutosho wa binti yake asikipasue. Akisome naye, kiisha amuulize: huyu mwanaume, anamuachia bibi yake nafasi ya kukataa? Hapo mazungumzo ambayo nyumba nyingi zinaogopa yatakuwa yameanza.