Kuomba Nafasi ya Kusomea Matatizo ya Usemi

Mtoto akiitamka "kalamu" kama "karamu", je, ana kasoro ya usemi? Baadhi ya lugha za Afrika Mashariki hazitofautishi sauti r na l, na mtoto aliyelelewa katika lugha hizo huyaingiza mazoea hayo katika Kiswahili. Huyo si mgonjwa. Mwingine hushindwa kutamka hata sauti za lugha ya mama yake kwa sababu ya uziwi, au kaakaa lililopasuka. Huyu ndiye anayehitaji tiba.

Kuwapambanua wawili hawa ni kazi ya mtaalamu, na nchini Marekani kazi hiyo hudai shahada ya uzamili. Mwombaji aliyesoma isimu, saikolojia au ualimu aghalabu hupokelewa, mradi akamilishe kwanza masomo ya msingi ya fani. Ili kupata cheti cha chama cha taaluma hiyo, hutakiwa pia takwimu, biolojia, sayansi ya jamii, na fizikia au kemia. Tena saa 400 za mafunzo ya vitendo, 25 kati yake zikiwa za kutazama tu.

Katika barua ya maombi, huruma peke yake haitoshi. Mwombaji atokaye kwetu ana hoja yenye uzito zaidi: vipimo vilivyosanifiwa kwa watoto wasemao Kiingereza havina la kusema juu ya mtoto asemaye "kikombe imevunjika", kwa kuwa Kiingereza hakina upatanisho wa ngeli.