Msasa unaoziba ni onyo kwa afya ya seremala

Mvule, ambao wafanyabiashara wa mbao nchini Kongo huuita kambala, hufaa sana kwa milango, madirisha na boti katika mji kama Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa mchwa hawauli kwa urahisi na maji hayauozeshi upesi. Nguvu hiyo imo katika kiini cha mti, ambamo mti hujiwekea mafuta, utomvu na kemikali za kujikinga na wadudu na kuvu. Lakini vitu hivyo hivyo huuziba msasa kabla ubao haujalainika, na hivyo hivyo huweza kuwasha ngozi, macho na njia ya hewa ya fundi. Kwa hiyo msasa uliojaa vumbi la kunata si suala la gharama peke yake. Ni dalili kwamba kazi inafanywa kwa namna inayomchosha fundi na kumwongezea vumbi, na dawa ya tatizo la kwanza husaidia pia kutibu la pili.

Msasa hukata kwa punje kali zilizobandikwa juu ya karatasi, na kati ya punje hizo huwa kuna nafasi ya kupokea vumbi. Vumbi la mbao kavu isiyo na mafuta hudondoka, lakini la mvule hushikamana kama unga uliotiwa samli. Joto la msuguano huzidisha hali hiyo, kwa sababu hulainisha utomvu, na utomvu ukipoa hugandamana na karatasi. Nafasi zikijaa, punje hazifiki tena kwenye ubao. Fundi hukandamiza zaidi, joto hupanda, ubao huungua na kung'aa bila kulainika. Ubao ambao haujakauka vizuri, hasa nyakati za mvua, huleta matatizo yaleyale kwa sababu ya unyevu.

Kinga bora, basi, ni kupunguza kazi ya msasa wenyewe. Kikwangulio cha bamba jembamba la chuma, ambacho fundi anaweza kukikata kutoka kwenye msumeno mkongwe na kukinoa, huondoa nyuzi nyembamba za mbao badala ya unga, na nyuzi hazirukii puani. Baada ya randa na kikwangulio, msasa hubaki na kazi ndogo ya kumalizia. Hapo ichaguliwe karatasi yenye punje zilizoachana, na ikipatikana, ile yenye utando mweupe mkavu wa zinki stearati unaozuia vumbi kushika. Fundi aanze na namba 80, apande hadi 120 na kuishia 150 au 180, maana karatasi laini mno huziba upesi zaidi. Mkono uwe mwepesi, na mashine izungushwe polepole. Karatasi ikianza kujaa, isuguliwe kwa kipande cha soli ya raba ya asili, ambacho hubeba utomvu na kuacha punje mahali pake.

Mtu anaweza kusema kwamba kupangusa ubao kwa kiyeyushi kama asetoni ni njia ya mkato. Lakini kiyeyushi huondoa mafuta ya juu tu, na kila msasa unapopita hufunua mafuta mengine chini yake. Isitoshe, mvuke wake huumiza kichwa na hushika moto upesi, jambo la hatari katika karakana iliyojaa vumbi na maranda. Wengine watasema kwamba karatasi nzuri ni ghali kwa kipato cha hapa. Lakini karatasi iliyoziba hutupwa ikiwa bado na punje kali, kwa hiyo kuisafisha na kuanza na kikwangulio kunapunguza gharama.

Hoja nzito zaidi ni ile ya wazee waliopiga mbao msasa maisha yao yote bila barakoa na wakaishi. Wapo, na tunafurahi kwamba wapo. Hata hivyo madhara ya vumbi hayampati kila mtu, na huchelewa kujitokeza. Katika miaka ya 1960, madaktari wa Uingereza waligundua saratani ya pua, ambayo kwa kawaida ni nadra, ikiwapata mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe zaidi kuliko watu wengine. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Tena vumbi la mvule linajulikana kusababisha pumu na mwasho wa ngozi, na miongoni mwa kemikali zinazoshukiwa ni kloroforini iliyomo kwenye mti huo.

Kikwangulio na mkono mwepesi hupunguza vumbi lakini haviliondoi lote, kwa hiyo barakoa iliyotengenezwa kwa ajili ya vumbi laini bado inahitajika; kitambaa peke yake hakitoshi. Mafundi wasipulize vumbi kwa mdomo wala wasigonge karatasi karibu na uso. Wafanye kazi hii mahali penye hewa, upepo ukiwa mgongoni, wafute sakafu kwa kitambaa chenye maji, na waoge na kubadili nguo kabla ya kuwashika watoto nyumbani. Walimu wa ufundi wa Kalemie wana wajibu wa kuwafundisha vijana haya siku ileile wanapowakabidhi karatasi ya kwanza ya msasa.