Ua wa Kayaba wa Kuzuia Mbuzi

Apandaye sukuma wiki na nyanya nyuma ya nyumba hujua kwamba mbuzi ni adui kuliko wadudu. Akiingia mmoja asubuhi, kazi ya miezi miwili imekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Wengine huzungushia lantana kwa uzuri wa maua yake; lakini majani yake ni sumu kwa ng'ombe, na ndege hutawanya mbegu zake hadi malishoni. Afadhali kayaba, mti wa asili ya Afrika ya Kusini, wenye miiba mirefu na ustahimilivu wa ukame. Miche huachana futi mbili, nayo hukatwa vichwa mara kwa mara ipate kusongamana chini. Matunda yake ya manjano ni makali kama ndimu, ila yakipikwa kwa sukari hutoa jamu nzuri. Miti dume haizai kamwe. Wengi huulaumu udongo bure.