Fahamu: Je, kila mlokole ana msimamo mkali?

Kwenye foleni ya kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi, Ukerewe, utawakuta Msabato, Mmennonite na Mpentekoste. Siasa zikipamba moto, wote huitwa walokole wenye msimamo mkali. Huko ni kuchanganya mambo.

Walokole ni akina nani?
Ni zao la uamsho wa Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ndani ya Kanisa la Anglikana. Mkazo wake ni toba na wokovu, si kushika dola.

Na wengine?
Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati, Mara, mwaka 1934. Ni wahafidhina wa maadili, ila mapokeo yao yanakataa vita. Wasabato hutetea dini na serikali zitengane.

Kwa nini tujali?
Kwa sababu jina la jumla huficha hoja halisi. Mfano, Juni 2025 serikali ya Tanzania ilifuta usajili wa kanisa la Askofu Josephat Gwajima, ikidai alihubiri siasa. Hoja ilikuwa mahubiri na sheria, si ubatizo wala kunena kwa lugha.

Upime vipi?
Uliza mawili: mtu huyu anaamini nini, na anataka sheria ifanye nini? Jibu la kwanza halikupi la pili.