Bakuli Limejaa, Kinyonga Ana Kiu

Askari yeyote aliyepata kukabidhi lindo kwa mwenzake anaijua kanuni hii: haitoshi kumwonyesha lango na kumtakia usiku mwema. Yapasa kumweleza ni nani hupita hapo, saa ngapi, na kwa idhini ya nani. Mlinzi asiyeelezwa aweza kukesha macho wazi hadi alfajiri, na bado adui akapita mbele yake. Sisi tulifundishwa kanuni hii kwa aibu, na mwalimu wetu alikuwa mnyama mdogo asiyezidi urefu wa shibiri moja: kinyonga.

Mambo yenyewe yalitokea Dranya, katika wilaya ya Koboko, kona ile ya kaskazini-magharibi ambako Uganda yapakana na Sudan Kusini na Kongo. Zamani Koboko ilikuwa sehemu ya Arua. Ikawa wilaya peke yake mwaka 2005. Huko kiangazi huanza mwezi wa Desemba, na ifikapo Februari nyasi zimekauka, na moto wa kusafishia mashamba huonekana usiku vilimani. Katika moto wa namna hiyo watoto wa nyumbani walimwona kinyonga mmoja wa kijani, asiye na pembe, akitoka taratibu katika kichaka kilichokuwa kikiungua. Mwenda pole hajikwai, lakini moto haungoji mtu. Wakamwokoa. Tukamtengenezea sanduku la mbao lenye wavu wa waya, tukaliweka barazani, tukamwita Mgeni. Ilipofika siku ya tatu hatukumpa jembe, ila alijipatia kazi mwenyewe: kupunguza nzi.

Baadaye shughuli zikatuita Kampala. Tulimwita kijana wa jirani, tukamwonyesha bakuli lililokuwa sandukuni, tukamwambia: "Kila asubuhi maji, kila jioni panzi wawili." Kisha tukashika njia ya Arua. Safari tuliyoikadiria siku 4 ikawa siku 21.

Tuliporudi, bakuli lilikuwa limejaa maji safi hadi ukingoni. Kando ya bakuli hilo hilo, juu ya sakafu ya sanduku, Mgeni alikuwa amelala mchana kweupe. Macho yake, ambayo kwa kawaida hutokeza kama vibanda viwili vya ulinzi, yalikuwa yamezama ndani na kufumbwa. Rangi yake ilikuwa ya majivu meusi. Mbavu zilihesabika.

"Mzee," kijana akasema kwa hofu, "maji sikuacha hata siku moja."

Naye alisema kweli. Alitekeleza amri neno kwa neno. Tukamjibu: "Mwanangu, hatuna la kukulaumu. Amri ndiyo iliyokuwa mbovu, nasi ndio tulioitoa."

KOSA LA MTOA AMRI

Yafaa ieleweke kwamba kinyonga hanywi maji kama kuku au mbuzi. Yeye ni mkazi wa matawini. Maji anayoyajua ni umande wa alfajiri na matone ya mvua yanayoteleza juu ya majani. Huvutwa na tone linalong'aa na kutikisika. Hulilamba, humeza, kisha hungoja jingine. Maji yaliyotulia chini bakulini, kwake yeye, si maji. Aweza kufa kwa kiu hali yamo karibu naye kwa upana wa kidole kimoja.

Porini, wakati wa kiangazi, kinyonga hujinusuru kwa namna yake. Hushuka kwenye vivuli, hujificha penye majani mabichi, na hupata unyevu kidogo katika wadudu anaowala. Sisi tulimnyima yote hayo. Barazani palikuwa na upepo mkavu na jua la alasiri, wala sandukuni hapakuwa na jani hata moja. Panzi wawili wa kila jioni ndio waliomshikilia uhai. Bila hao, tungalirudi kumzika.

Jirani mmoja alitushauri tumtupe, kwani kinyonga ni mkosi. Hatushangai. Sehemu nyingi za Afrika mnyama huyu huogopwa. Wazulu husimulia kwamba kinyonga alitumwa kuwapelekea watu habari njema kwamba hawatakufa, naye akachelewa njiani, mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Wengine husema kwamba ana sumu. Ukweli ni kwamba kinyonga hana sumu yoyote, wala mate yake hayapofushi. Akikasirika hufungua kinywa, hujivimbisha na kubadili rangi. Silaha zake zaishia hapo.

DALILI ZA KIU

Dalili hizi askari hatapata shida kuzikumbuka, kwa sababu nyingi hufanana na zile anazofundishwa kuziangalia kwake mwenyewe na kwa wenzake katika doria ndefu.

Ya kwanza ni macho kuzama. Ya pili ni ngozi: ikivutwa kidogo kwa vidole hubaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, badala ya kurudi mahali pake. Ya tatu ni choo. Uchafu wa kinyonga una sehemu mbili, moja nyeusi na moja nyeupe, na ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Mnyama aliye na maji ya kutosha hutoa sehemu nyeupe kama chokaa. Aliyeishiwa hutoa ya manjano iliyokolea au ya rangi ya chungwa, kama vile mkojo wa askari mwenye kiu unavyokolea. Ya nne ni kulala mchana. Kinyonga mzima hulala usiku, na kukipambazuka huamka. Ukimwona amefumba macho saa sita za mchana, jua yu mgonjwa. Ya tano ni kulegea kwa miguu, ile miguu yenye vidole vilivyogawanyika kama koleo, hata ashindwe kushika kijiti.

Tena hatari haiishii kwenye kiu tu. Mwili usipokuwa na maji, mafigo hushindwa kutoa taka, nazo hujikusanya humo kama mchanga katika bomba. Mnyama aweza kuonekana amepona, kumbe mafigo yamekwisha kuharibika. Ndiyo maana dawa bora ni kutomfikisha hapo.

TULIVYOMTIBU

Askari amwonaye mwenziwe amezirai kwa kiu hammiminii maji kinywani kwa jerikeni. Anajua kwamba maji yale yaweza kuingia mapafuni badala ya tumboni. Kwa kinyonga hatari hiyo ni kubwa vilevile, maana tundu lake la kupitishia pumzi liko humo humo mdomoni, karibu na shina la ulimi, wala si mbali huko kooni. Wengi wa wanyama hawa hufa mikononi mwa wenye huruma, waliowafumbua vinywa kwa nguvu na kuwanywesha.

Kwanza, tulimwondoa penye upepo. Tulikata matawi mabichi ya mpera yenye majani mapana, tukayasimamisha ndani ya debe lenye udongo, tukaliweka mahali penye jua la asubuhi upande mmoja na kivuli upande wa pili, ili mgonjwa achague mwenyewe joto au baridi. Pale tukampandisha kwenye tawi la chini.

Pili, tulitoboa kifuniko cha chupa kwa sindano, tukatia maji safi ya uvuguvugu, tukanyunyiza majani pole pole bila kumlenga usoni. Jambo hili lahitaji subira. Matone ya mwanzo humwamsha tu. Aweza kukaa dakika nyingi kabla ya kulamba. Kwa hiyo tulinyunyiza kwa robo saa nzima, asubuhi na jioni, na mara moja adhuhuri.

Tatu, tulining'iniza kopo lenye tundu dogo juu ya matawi, likawa likidondosha tone moja moja juu ya jani, na chini tukaweka beseni. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, kwa kuwa alikuwa dhaifu mno, tuliliachia tone moja tu la maji liguse ncha ya mdomo wake, kisha tukangoja. Alipolamba, tukaongeza la pili. Asipolamba, hatukumlazimisha.

Tano, siku ya kwanza hatukumpa chakula. Kusaga chakula tumboni kwataka maji, na kumlisha mgonjwa asiye na maji ni kumtwika mzigo. Baada ya kunywa vizuri, tulianza na panzi wadogo, mmoja mmoja.

Usiku wa kwanza hatukuwa na matumaini. Asubuhi ya pili jicho la kulia lilifumbuka. Mchana wake tuliona koo likicheza: alikuwa akimeza. Kijana yule, aliyekuwa hakubanduka karibu na debe, alipiga kelele za furaha hata tukalazimika kumnyamazisha, mgonjwa asije akashtuka. Siku ya nne ulimi ulitoka kama risasi, panzi akatoweka. Ngozi ikarudi kijani taratibu.

Kama macho yangeendelea kufumbwa baada ya siku moja ya kunyunyiziwa, au kama povu lingetoka kinywani, tungalimpeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye aweza kumtia maji kwa sindano chini ya ngozi. Na kama angekuwa jike mwenye tumbo kubwa, ingetupasa kumwekea udongo wenye unyevu wa kutosha kuchimba, kwani jike wa aina hii akikosa mahali pa kutaga mayai aweza kufa nayo tumboni.

FUNZO KUTOKA NG'AMBO

Kisa chetu kina ndugu yake mkubwa, nacho chaanzia hapa hapa Afrika Mashariki. Katika nyanda za juu za Kenya kuna kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu. Huitwa kinyonga wa Jackson, kwa jina la Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda kuanzia 1911. Mwaka 1972 makumi kadhaa ya vinyonga hao walisafirishwa kutoka Kenya hadi kisiwa cha Oahu, katika visiwa vya Hawaii, kwa mfanyabiashara wa wanyama wa kufugwa. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji kwa safari. Mfanyabiashara akawaachia katika miti ya bustani yake, mahali paitwapo Kaneohe, wapate nafuu, akitumaini kuwakusanya baadaye.

Nafuu walipata. Mvua na umande wa Kaneohe viliwatibu. Ila hawakungoja kukusanywa. Walizaana, wakaenea, na leo wako katika visiwa kadhaa vya huko, wakila wadudu na konokono wa mitini ambao hawapatikani penginepo duniani.

Tunapata mafunzo mawili. La kwanza, kilichowaponya ni majani yenye maji, jambo ambalo halina gharama. La pili, huruma isiyofikiri mbele huzaa madhara mapya. Askari ahamishwaye kutoka magharibi ya Uganda, ambako milimani yuko kinyonga mwingine mwenye pembe tatu, asimbebe mnyama huyo sandukuni hadi Koboko na kumwachia huko. Mnyama aliyeokolewa hurudishwa mahali alipotolewa.

Hapa pia hatuna budi kukiri kosa letu la pili, hasa kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni walinzi wa sheria. Sheria ya Wanyama Pori ya Uganda ya mwaka 2019 yasema kwamba wanyama pori ni mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi wote, na kwamba kumiliki mnyama wa namna hiyo kwahitaji kibali. Tena vinyonga wengi wa Afrika wamo tangu 1977 katika orodha ya mapatano ya kimataifa yanayosimamia biashara ya wanyama walio hatarini. Kumwokoa mnyama motoni ni wema. Kumfanya mfungwa wa baraza, bila kuuliza Mamlaka ya Wanyama Pori, ni jambo jingine, nasi tulilifanya.

Mvua za kwanza za Aprili ziliponyesha na vichaka kuchipua, tulimchukua Mgeni pamoja na kijana wetu hadi karibu na kile kichaka kilichoungua. Tulimweka kwenye tawi lililokuwa bado lina matone. Kabla ya kupiga hatua alilamba majani, moja, mawili, matatu. Kisha akapanda, akiyumba mbele na nyuma kama desturi yao. Hakugeuza kichwa kutuaga, ingawa jicho moja lilibaki likitutazama nyuma hadi majani yalipomfunika.

Ndugu askari, kazi yenu ni ya safari na uhamisho. Mara nyingi mtaondoka na kuacha nyuma kuku, mbwa, bustani, hata watoto, mikononi mwa mtu mwingine. Mtu huyo aweza kuwa mwaminifu kuliko ninyi. Lakini uaminifu wake hautafaa kitu ikiwa hamkumweleza namna kile mlichomwachia kinavyokunywa. Msimwonyeshe bakuli tu. Kaeni naye asubuhi moja kabla ya kuondoka, mkaone pamoja kama maji yananyweka.